Baridi yabisi na sonona: Ugumu wa kupima huzuni ndani ya mwili unaouma

ASUBUHI ya mwezi Julai katika nyanda za juu za Mbulu haina huruma kwa mtu mwenye viungo vinavyouma. Ukungu huwa bado umetanda juu ya mashamba ya Endagikot, ng'ombe wanangoja kukamuliwa, na maji ya mtungini ni ya baridi kiasi kwamba hata mwenye afya njema huyagusa kwa kusitasita.

Chukulia mwanamke mkulima wa makamo, mkazi wa kata hiyo ya Mbulu, mkoani Manyara, ambaye vidole vyake vimekuwa vikivimba kwa miaka kadhaa. Akiamka, huhitaji saa nzima au zaidi kabla mikono haijakubali kukunjika. Amelala vibaya kwa sababu ya maumivu, amechoka kabla hajashika jembe, hamu ya chakula imepungua na mwendo wake umekuwa wa polepole.

Sasa chukulia kwamba anafika katika kituo cha afya na muuguzi anamsomea dodoso la kupima sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito na kukosa hamu ya mambo ambao hudumu kwa majuma na kumwondolea mtu nguvu ya kuishi. Anaulizwa kuhusu usingizi, uchovu, hamu ya chakula na wepesi wa mwili. Kwa maswali hayo manne anajibu kwamba hali hiyo humpata karibu kila siku.

Majibu hayo manne peke yake yanampatia alama 12. Katika dodoso hilo, alama 10 na kuendelea kwa kawaida huhesabiwa kuwa ishara ya sonona inayostahili kushughulikiwa. Hata kama maswali yote yaliyobaki, yale yanayogusa moyo na fikra, atayajibu kwa "hapana", karatasi itasema kwamba ana sonona.

Je, karatasi imesema kweli? Au imehesabu maumivu ya viungo na kuyaita huzuni? Swali hilo limewashughulisha madaktari na watafiti duniani kwa zaidi ya miaka 30, na jibu lake lina uzito mkubwa kwa wagonjwa wa vijijini, ambako muda wa kuonana na mtaalamu ni mfupi na safari ya kumfikia ni ndefu.

Ugonjwa usioletwa na baridi

Jina la Kiswahili la ugonjwa huu, baridi yabisi, limebeba imani ya kale kwamba viungo hukakamaa kwa kuingiwa na baridi. Katika eneo lenye ubaridi kama Mbulu, imani hiyo ni rahisi kuaminika, kwa kuwa wagonjwa wengi husema maumivu huwazidi wakati wa kipupwe.

Hata hivyo, jina hilo hutumika kwa maradhi mengi tofauti ya viungo. Mojawapo ni lile ambalo waganga huliita rumatoidi athraitisi. Katika ugonjwa huo, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hugeuka na kuushambulia utando laini unaozunguka viungo. Utando huo huvimba, hupata joto, na usipotibiwa hula gegedu na mfupa hadi kiungo kikapinda.

Huanza mara nyingi katika viungo vidogo vya mikono na miguu, pande zote mbili za mwili kwa pamoja. Huo ndio utofauti wake mmoja na maumivu ya magoti yanayotokana na umri au kazi nzito.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu milioni 18 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa huu, na takriban asilimia 70 kati yao walikuwa wanawake. Hakuna dawa inayouondoa kabisa, lakini dawa kama methotreksati, zikianzishwa mapema, huweza kuutuliza na kuzuia ulemavu.

Kwa nini moyo nao huumwa

Kwamba wagonjwa wa baridi yabisi hupatwa na sonona kuliko watu wengine ni jambo lisilobishaniwa tena. Sababu zake ni zaidi ya moja.

Kwanza, maumivu yasiyokoma huchosha akili na kuvunja usingizi. Pili, zile kemikali za kinga ambazo huvimbisha viungo husafiri pia katika damu na kuathiri ubongo. Ndizo zimfanyazo hata mgonjwa wa malaria atake kujilaza, kujitenga na kukosa hamu ya lolote. Kwa mwenye baridi yabisi, kemikali hizo hukaa juu kwa miezi na miaka.

Sababu ya tatu ni ya kijamii. Mwaka 1995, watafiti Patricia Katz na Edward Yelin wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, nchini Marekani, walionyesha kwamba wanawake wenye ugonjwa huu walikuwa katika hatari ya dalili za sonona hasa walipopoteza uwezo wa kufanya mambo waliyoyathamini. Kilichowavunja zaidi kilikuwa kupotea kwa shughuli zilizowapa nafasi yao mbele ya watu.

Maana ya jambo hilo si ngumu kuielewa Endagikot. Mwanamke asiyeweza tena kukamua ng'ombe, kupalilia mahindi na maharage, kubeba kuni, kwenda mnadani au kupika msibani pamoja na wenzake hapotezi kazi tu. Anapoteza mahali pake katika kundi, na polepole huanza kujiona mzigo kwa watoto na wakwe zake.

Madhara yake huenda mbali. Mwaka 2005, watafiti wa Marekani walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba wagonjwa wa baridi yabisi waliokuwa na sonona walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufariki dunia kuliko wenzao wasio nayo. Aliyekata tamaa husahau dawa, huacha kwenda kliniki, na huona mazoezi ya viungo hayana maana. Kwa hiyo, kushindwa kuitambua sonona ni kushindwa pia kuutibu ugonjwa wa viungo.

Vipimo vyenyewe

Hakuna kipimo cha damu cha sonona. Hakuna picha ya eksirei inayoionyesha. Kipimo kinachoaminiwa kuliko vyote ni mazungumzo marefu kati ya mgonjwa na mtaalamu wa afya ya akili, yanayofuata mpangilio maalumu. Kwa kuwa wataalamu hao ni wachache na mazungumzo huchukua muda, zimebuniwa hojaji fupi ambazo hata muuguzi anaweza kuzitumia.

Miongoni mwa zilizoenea ni ile iliyobuniwa na mwanasaikolojia Lenore Radloff mwaka 1977 nchini Marekani, inayojulikana kwa herufi CES-D. Ina maswali 20, na alama 16 au zaidi huchukuliwa kuwa dalili ya hatari. Nyingine ni ile ya Aaron Beck ya mwaka 1961, yenye maswali 21.

Mwaka 1983, madaktari Anthony Zigmond na Philip Snaith wa Uingereza walitoa hojaji ya HADS mahususi kwa wagonjwa wa hospitali. Ina maswali 14: saba ya wasiwasi na saba ya sonona. Walikusudia kuondoa maswali ya uchovu, usingizi na hamu ya chakula, kwa kuwa mgonjwa wa mwili huwa nayo hayo hata kama moyo wake ni mzima.

Mwaka 2001 ikaja PHQ-9, ambayo leo ni maarufu mno kwa sababu ni fupi na haina malipo. Ina maswali tisa yanayohusu majuma mawili yaliyopita: kukosa hamu ya mambo, huzuni, usingizi, uchovu, chakula, kujiona umeshindwa, kukosa umakini, ukawiaji au kutotulia kwa mwili, na mawazo ya kifo. Kila swali lina alama 0 hadi 3, hivyo jumla ya juu kabisa ni 27.

Katika maswali hayo tisa, manne yanaweza kujibiwa na viungo badala ya moyo. Hapo ndipo zinapotoka zile alama 12 za mama wa Endagikot.

Onyo la zamani

Tatizo hilo lilianza kuonekana mapema. Mwaka 1986, daktari Theodore Pincus na wenzake walichunguza hojaji ndefu ya saikolojia iliyokuwa ikitumiwa sana Marekani, ambayo wagonjwa wa baridi yabisi walionekana mara kwa mara kupata alama kubwa za sonona na za kujidhania wagonjwa.

Walipoyatazama maswali yenyewe, waligundua kwamba baadhi yalikuwa yakiuliza tu mambo ambayo kila mwenye baridi yabisi lazima ayakubali: kwamba hana nguvu ya kufanya kazi kama zamani, au kwamba mwili wake unamuuma. Wagonjwa walikuwa wakisema ukweli kuhusu viungo vyao, na hojaji ikawabandika jina la matatizo ya akili.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1989, watafiti wengine walionyesha kwamba hata katika CES-D yako maswali manne ambayo wagonjwa wa viungo huyajibu kwa namna inayoathiriwa na ugonjwa wao wa mwili.

Hata HADS, iliyobuniwa kuepuka mtego huo, haikuuepuka wote. Mojawapo ya maswali yake ya sonona humtaka mgonjwa aseme kama anajiona amepungua kasi. Mwenye magoti yaliyovimba hawezi kulijibu swali hilo kwa "hapana" bila kusema uongo.

Ugonjwa mmoja, tarakimu nne

Kielelezo kizuri cha ukubwa wa tatizo kilitolewa mwaka 2013 na Faith Matcham na wenzake wa King's College, London. Walikusanya tafiti 72 zilizohusisha jumla ya wagonjwa 13,189 wa baridi yabisi, kisha wakatazama ni wangapi walihesabiwa kuwa na sonona kwa kila kipimo.

Kwa kufuata vigezo vya uchunguzi wa kitabibu, waliokuwa na sonona kamili walikuwa asilimia 16.8. Kwa kutumia PHQ-9, walifika asilimia 38.8. Kwa HADS yenye kikomo cha alama 8, walikuwa asilimia 34.2, kikomo kilipopandishwa hadi 11, wakashuka kuwa asilimia 14.8.

Kwa lugha nyepesi, mtu akiulizwa ni wangapi kati ya wagonjwa 100 wa baridi yabisi wana sonona, anaweza kujibu 15 au 39, na majibu yote mawili yakawa yametoka katika kazi halali ya kisayansi. Tofauti imo katika kipimo kilichotumika na mahali ulipowekwa mstari wa kutenganisha mzima na mgonjwa.

Haina maana kwamba hojaji ni bure. Kazi ya hojaji ni kama ya chekeche: kutenganisha wanaohitaji kuangaliwa kwa makini na wasiohitaji.

Hesabu ndogo hulifafanua jambo hilo. Chukulia wagonjwa 100, ambao 20 kati yao kwa kweli wana sonona. Kipimo kinachowanasa wagonjwa wanane katika kila kumi kitawapata 16 na kuwakosa wanne. Kama kipimo hichohicho kinamwita mgonjwa mtu mmoja mzima katika kila wanne, basi kati ya wale 80 wasio na sonona, 20 wataandikwa kuwa wanayo.

Mwisho wa siku karatasi itakuwa na majina 36, na walio wagonjwa kweli ni 16 tu. Anayeanza kugawa dawa kwa kutazama alama peke yake atawapa watu 20 dawa wasizozihitaji, huku wanne wakirudi nyumbani na mzigo wao bila kuulizwa zaidi.

Kipimo cha viungo nacho hupotoshwa

Mkanganyiko huo huenda pia upande wa pili. Madaktari hupima ukali wa baridi yabisi kwa kipimo kiitwacho DAS28, kinachochunguza viungo 28. Ndani yake yamo mambo manne: idadi ya viungo vilivyovimba, idadi ya viungo vinavyouma vikibonyezwa, kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe mwilini, na maoni ya mgonjwa mwenyewe kuhusu hali yake kwa jumla.

Mambo mawili kati ya hayo manne hutegemea jinsi mgonjwa anavyojisikia. Mwenye sonona huhisi maumivu kwa ukali zaidi na huiona hali yake kuwa mbaya zaidi. Alama zake za viungo zinaweza kubaki juu hata pale ambapo uvimbe umeshuka kwa dawa.

Daktari asiyelijua hilo anaweza kumwongezea mgonjwa dawa kali ya viungo, wakati kilichohitaji matibabu ni moyo uliovunjika. Mwingine anaweza kufanya kinyume: kuona hojaji ya sonona imejaa alama, akampa dawa ya sonona, wakati kilichokuwa kikimnyima mgonjwa usingizi ni viungo vinavyowaka.

Aidha, yako mambo mengine yanayochafua kipimo. Upungufu wa damu, ambao huandamana na baridi yabisi mara nyingi, huleta uchovu. Prednisoloni, dawa inayotumika kutuliza uvimbe, huweza kuvuruga usingizi na kubadili hali ya moyo. Yote hayo hayana budi kuulizwa kabla alama hazijatafsiriwa.

Mzigo wa lugha

Katika Mbulu na Hanang, ugumu huo wa kitabibu huongezewa na ugumu wa lugha. Eneo hilo ni miongoni mwa maeneo machache sana Afrika ambako lugha za asili nne tofauti kabisa hukutana: Kiiraqw, ambacho ni cha jamii ya Kikushi, Kidatoga cha Kinailoti, Kihadza, kisicho na ndugu anayejulikana, na lugha za Kibantu kama Kinyisanzu.

Mtu anaweza kutumia Kiswahili sokoni na katika ofisi ya kata bila taabu, lakini akazungumza mambo ya moyo kwa lugha ya mama yake tu. Mzee ambaye Kiswahili chake ni cha kununulia chumvi hawezi kutazamiwa kueleza kwa Kiswahili hichohicho namna anavyojiona hana thamani.

Hata kwa Kiswahili chenyewe, kutafsiri si kubadili neno kwa neno. Hojaji ya HADS ya Kiingereza inamtaja kipepeo tumboni kuelezea hofu. Msomaji wa Mbulu akiletewa kipepeo huyo atadhani anaulizwa habari za minyoo. Neno sonona lenyewe halijazoeleka vijijini. Watu husema wana mawazo mengi, moyo ni mzito, au hawajisikii.

Kiwango cha muda nacho huleta utata. Hojaji huuliza kama jambo lilitokea siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, au karibu kila siku katika majuma mawili. Kwa mtu asiyehesabu siku kwa kalenda, ni afadhali kumkumbusha tukio: tangu Jumapili ile ya juzi kanisani, au tangu mnada uliopita, ni siku ngapi ameamka hataki kuona watu?

Ndiyo sababu wataalamu wanasisitiza hatua kadhaa kabla hojaji ya kigeni haijatumiwa. Hutafsiriwa, kisha mtu mwingine huirudisha katika lugha ya awali ili makosa yaonekane. Halafu wagonjwa wachache huulizwa wameelewa nini kwa kila swali. Mwisho, majibu hulinganishwa na uchunguzi wa mtaalamu ili kujua kikomo cha alama kinachofaa mahali hapo.

Njia iliyokwisha pitiwa Afrika Mashariki

Kazi hiyo imefanyika katika ukanda huu kwa kiasi kinachoweza kujengewa. Mwaka 2006, watafiti walichapisha tafsiri ya Kiswahili ya PHQ-9 iliyojaribiwa kwa wagonjwa wa saratani za kichwa na shingo nchini Kenya. Hao nao, kama wenye baridi yabisi, walikuwa na miili inayouma na kuchoka.

Mwaka 2009 ulifuata uchunguzi wa dodoso hilo kwa watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi magharibi mwa Kenya, na mwaka 2019 yakachapishwa matokeo ya kulijaribu Tanzania.

Nchini Tanzania, Profesa Sylvia Kaaya wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili na wenzake walikwenda mbali zaidi. Mwaka 2008 walichapisha matokeo ya hojaji ya maswali 19 iliyotungwa hapa nchini. Ni wazo lilelile lililotumika Zimbabwe mwaka 1997, ilipotungwa hojaji ya Kishona yenye maswali 14 iliyojengwa juu ya neno la wenyeji, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi.

Uganda nako, katika maeneo ya Masaka na Rakai, watafiti walianza kwa kuwauliza wanakijiji wenyewe maradhi ya moyo wanayoyajua. Waliyapata mawili yenye majina ya Kiganda, moja la kujichukia na lingine la kujihurumia, ambayo yalikaribiana sana na sonona ya vitabuni. Kwa kipimo hicho cha wenyeji waliweza kuonyesha, mwaka 2003, kwamba mazungumzo ya tiba katika vikundi, yakiongozwa na watu wa kawaida waliofunzwa, yalipunguza sonona kwa kiwango kikubwa katika vijiji vilivyoyapata.

Karibu zaidi na Endagikot, Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, ilikuwa mojawapo ya vituo vinane vya utafiti wa kimataifa wa MAL-ED kuhusu lishe na makuzi ya watoto. Katika utafiti huo akina mama wa Haydom waliulizwa maswali 20 ya Shirika la Afya Duniani kuhusu afya ya akili, sawa na akina mama wa Nepal, Peru na nchi nyingine.

Lengo lake halikuwa wagonjwa wa viungo, bali lilithibitisha kwamba watu wa eneo hili wanaweza kuulizwa mambo hayo nyumbani kwao na wakajibu. Lilionyesha pia mtego uleule: maswali kadhaa kati ya hayo 20 yanahusu kichwa kuuma, kukosa usingizi, tumbo na uchovu.

Swali la tisa

Katika PHQ-9 liko swali moja ambalo halipaswi kuunganishwa na mengine katika jumla na kusahauliwa. Ni la tisa, linalouliza kama mtu amewaza kwamba ni afadhali angekufa au amefikiria kujidhuru.

Swali hilo halina uhusiano na vidole vilivyovimba. Jibu lolote lisilo la "hapana" linahitaji mazungumzo siku hiyohiyo, hata kama jumla ya alama ni ndogo.

Vikwazo vya kulijibu kwa ukweli ni vingi. Dini na mila hulaani wazo hilo. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kimekuwa kwa miaka mingi kikihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinakwenda kinyume cha Katiba. Mtu anayehofia polisi au padri hawezi kumfungulia moyo muuguzi kwa urahisi.

Zaidi ya hayo, mgonjwa wa viungo mara nyingi haji peke yake. Huletwa na mkwe, mwana au mjukuu anayemshika mkono. Bibi hawezi kusema mbele ya mkwewe kwamba anajiona mzigo na anatamani Mungu amchukue. Hivyo, kabla ya dodoso lolote, hitaji la kwanza ni chumba chenye mlango, shikamoo ya heshima, na kuwaomba wasindikizaji wasubiri nje.

Njia ya kati

Baada ya miongo ya mjadala, wataalamu wengi wamekubaliana juu ya njia ya kati ambayo haihitaji mashine wala fedha nyingi.

Hatua ya kwanza ni kuuliza maswali mawili tu: je, katika siku za karibuni umekuwa na huzuni au kukata tamaa, na je, umepoteza hamu na furaha katika mambo uliyoyapenda? Mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2009 kwa ajili ya wagonjwa wenye maradhi sugu ya mwili huanza hivyo.

Akijibu "ndiyo" kwa mojawapo, mwongozo huo unashauri aulizwe mambo matatu zaidi: kujiona hana thamani, kushindwa kutuliza akili, na mawazo ya kifo. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kujibiwa na goti au kidole.

Hatua ya pili ni kuitumia PHQ-9 yote, lakini kwa kuisoma kama sura mbili. Alama za usingizi, uchovu, chakula na mwendo ziandikwe upande mmoja, na zile za moyo na fikra upande mwingine. Wagonjwa wawili wenye alama 12 wanaweza kuwa na hali tofauti kabisa: mmoja zote zimetoka katika mwili, mwingine nyingi zimetoka katika huzuni, kujilaumu na kutamani kifo.

Wa kwanza anahitaji kwanza viungo vyake vitazamwe upya na maumivu yatulizwe, kisha aulizwe tena baada ya majuma machache. Wa pili anahitaji msaada wa sonona bila kungojea viungo vipone.

Hatua ya tatu ni kurudia. Kipimo kimoja ni picha ya siku moja. Alama zinazofuatana kliniki baada ya kliniki hueleza kama mtu anapanda au anazama. Kama uvimbe wa viungo umeshuka lakini hamu ya kuishi haijarudi, basi sonona ilikuwa na mizizi yake yenyewe.

Ni muhimu pia kutofautisha sonona na majonzi ya haki. Desemba 2023, maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliua makumi ya watu Katesh na vijiji jirani. Mfiwa wa maafa kama yale, akiulizwa juma la pili kama ana huzuni, atajibu kwamba anayo kila siku, na hilo halimfanyi mgonjwa. Ndiyo maana alama haziwezi kusomwa bila kujua habari za nyumbani kwa mtu.

Ndugu, majirani na wahudumu wa afya wa vijiji wana sehemu yao. Wao ndio watakaoona kwamba mama aliyekuwa akija kikundini akiwa na fimbo sasa haji kabisa, au kwamba hata siku ambayo mikono yake ni myepesi hataki kutoka nje. Dalili hiyo, ya kuacha hata mambo ambayo mwili bado unayaweza, mara nyingi husema zaidi ya uchovu au usingizi.

Kwa mgonjwa mwenyewe, la muhimu ni kujua kwamba kukata tamaa si sehemu ya lazima ya baridi yabisi, na kukutaja mbele ya mhudumu wa afya si aibu wala si kulalamika. Mwenye mawazo ya kujidhuru asiachwe peke yake, na apelekwe siku hiyohiyo katika kituo cha afya kilicho karibu.

Mama wa Endagikot mwenye alama 12 huenda ana sonona, na huenda hana. Ili kujua, muuguzi itamlazimu aiweke karatasi kando, avute kiti karibu, na kuuliza swali ambalo halimo katika dodoso lolote: viungo vikituama kwa siku moja, mama, ungependa kuitumia siku hiyo kufanya nini? Mwenye jibu tayari bado ana hamu ya maisha, na maumivu ndiyo yanayomzuia. Asiye nalo ndiye wa kukaa naye zaidi.